Buick Iliyojifunza Njia

Cha kwanza kumtoka Verlin Stroud kilikuwa pua. Haikukatika, ilibaki pale pale usoni, kubwa na nyekundu kama siku zote, ila haikunusa tena. Kahawa ikawa maji ya moto tu. Petroli, ambayo mtu wa mji wetu wa Flint anaijua harufu yake kabla hajajua kusoma, ikawa sawa na maji ya bomba. Hakumwambia mtu. Mgane wa miaka sabini na sita, mkaguzi wa kiwanda cha magari kwa miaka thelathini na mmoja, ataanzaje kutangaza kwamba pua yake imestaafu?

Kilichomuumbua ni kabureta. Verlin alikuwa na Buick GS ya mwaka 1970, ya kijani, injini kubwa ya kutisha, aliyoinunua mpya akiwa kijana, enzi zile ambazo mshahara wa kiwandani ulikuwa mshahara kweli. Gari hilo alilirekebisha kwa pua. Sisi tuliokaa naye mtaa mmoja tulimwona miaka nenda miaka rudi: anainama nyuma ya ekzosi, anafumba macho, anavuta moshi taratibu kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anarudi mbele na bisibisi na kuzungusha skrubu ya kabureta robo mzunguko. Basi. Injini inatulia. Watu wa mitaa ya mbali walimletea magari yao awanusie, naye aliwanusia, na matusi akawaongezea bure.

Mwezi wa nne ule, theluji ilipokwisha, aliinama, akavuta, asipate kitu. Akazungusha skrubu kwa kubahatisha. Akazungusha tena. Jirani yake Ozell Pettway, mzee mwenzake wa kiwanda kile kile, ambaye mashine za kufulia vyuma zilimla masikio, aliingia gerejini machozi yakimtoka.

"We Verlin, unataka kujiua au unakausha samaki?"

"Iko sawa."

"Sawa wapi? Moshi mweusi umefika mpaka kwenye nguo za mke wangu kambani. Njoo basi ukamweleze wewe kwamba iko sawa."

Verlin alimtazama, akalitazama bomba la ekzosi, akazima injini. Wiki mbili baadaye Ozell huyo huyo alipita kuazima spana, akakuta nyumba nzima imejaa gesi ya jiko na Verlin ameketi mezani anasoma gazeti, ametulia tuli. Ozell alifungua madirisha yote, akamkokota nje kwa ukosi wa shati. Halafu, kwa kuwa Ozell ni mtu mwema na mdomo wake hauna breki, alimpigia simu Rhonda.

Rhonda ndiye mtoto pekee wa Verlin. Anakaa Grand Rapids na mumewe Curt, mwendo wa saa mbili, na siku ile aliumaliza kwa saa moja na nusu.

"Baba, hii nyumba inauzwa. Unakuja kukaa kwangu."

"Siendi."

"Ungelipuka."

"Sikulipuka."

"Si pua tu, baba. Mwezi uliopita umenipigia mara tatu siku moja kunipa hongera ya kuzaliwa."

"Nakupenda mara tatu. Kosa?"

Rhonda hakucheka. Hapo Verlin akajua mambo yameharibika, maana huyu binti tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kucheka. Alitazama kuta za jikoni na mlango ambao mkewe Maxine aliupaka rangi ya njano mwaka mmoja kabla hajafariki. Nyumba hii ilikuwa ndiyo yeye. Kumtoa hapa ni kumzika akiwa anapumua.

"Tuwekeane ahadi," alisema. "Mtu ambaye kichwa kinamtoka anaweza kuunganisha nyaya arobaini bila kukosea hata moja? Basi nitaing'oa kabureta. Nitaifunga Buick nozeli za kunyunyiza mafuta na kompyuta, kama magari ya siku hizi, peke yangu, hapa hapa nyumbani. Ukija Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita ikawaka na kutembea, unaniacha na nyumba yangu. Isipowaka, virago nafunga mwenyewe."

Rhonda akakubali, huku moyoni akiamini kwamba hawezi. Kabla hajaondoka aliita fundi akabadilisha jiko la gesi, akaweka la umeme. Verlin alimwita mwanaharamu yule fundi, naye hana kosa lolote.

Kazi ikaanza. Verlin aliitoa kabureta kama unavyotoa yai chini ya kuku, akaifunga taulo, akaiweka kabatini kando ya sahani za Maxine. Aliteremsha tangi la mafuta ili pampu ya umeme ikae ndani yake. Tangi la petroli halikatwi mpaka lisafishwe mvuke wote, la sivyo linakupeleka mbinguni na gereji yako, na kwa kawaida unajua limesafika kwa kulinusa. Ikabidi amwite Ozell.

"Nusa."

Ozell akaingiza pua. "Bado."

Akaosha tena. "Nusa."

"Bado kidogo. Nimekuwa mbwa wa polisi siku hizi?"

"Mbwa wa polisi wanalipwa. Nusa."

Alifunga mabomba mawili, la kupeleka mafuta na la kuyarudisha. Alitoboa bomba la ekzosi, akachomelea kiota cha kihisio, kijiti cha chuma kidogo kuliko kidole kinachokaa ndani ya moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ozell alikishika akakigeuza geuza.

"Kwa hiyo umenunua pua."

"Nimenunua pua."

"Ingekuwa vizuri wangekuwa wanauza na masikio."

Palipokuwa na kabureta alikaza koo jipya la hewa lenye nozeli nne. Nyaya alizipanga siku kumi, moja moja, na kila moja aliifungia kadi. Hapa lazima nieleze kidogo. Kiwandani mkaguzi alikuwa na kadi nyekundu. Akiona krenki shafti imezidi au imepungua hata unywele, anaitundika kadi, na tangu hapo hakuna wa kuigusa, hata meneja, hata Mungu mwenyewe akishuka na tai. Anayeweza kuifungua ni mkaguzi yule yule tu, kwa kugeuza kadi na kuandika nyuma yake tarehe, neno "imekaguliwa, sawa", na herufi zake mbili. Mameneja walimbembeleza Verlin, walimtisha, mmoja alimletea paja la kulungu nyumbani. Hakuwahi kuifungua kadi kwa uongo. Kiwanda kilipofungwa aliondoka na boksi zima la kadi hizo, na gerejini kwake kitu kisichokuwa sawa kilivaa nyekundu mpaka yeye aseme.

Wiki ya tatu ya mwezi wa sita kadi zote zilikuwa zimegeuzwa. Zamani gari hilo uliliwasha kwa adabu: unakanyaga mafuta mara mbili, unasubiri, unazungusha ufunguo, unaomba radhi. Sasa Verlin alizungusha ufunguo tu ikawaka hapo hapo na kutulia, bila kutetemeka, bila kukohoa. Wazee wawili walisimama wakiitazama. Verlin alitarajia kufurahi, na alifurahi, lakini nusu tu. Gari aliloishi nalo miaka hamsini lilikuwa linaunguruma kwa sauti ya mtu asiyemjua.

"Haina hata salamu," Ozell alisema.

"Ndivyo yalivyo."

"Mimi singelala nyumba moja nayo."

Mfumo ule ulikuwa na kioo kidogo cha kushika mkononi, na ndani yake kuna kitu kama ubao wa drafti: visanduku mia mbili na kidogo. Kila kisanduku ni hali moja ya injini, kasi fulani na mzigo fulani. Ukiendesha gari katika hali ile, pua mpya inanusa, kompyuta inasahihisha, na ndani ya kisanduku inaandikwa namba. Usipopita, panabaki sufuri. Kwa maneno mengine, gari linajifunza kwa kupitishwa, na usipolipeleka halipajui. Verlin alipenda jambo hili kuliko yote. Kipimo kilikuwa dini yake.

Yeye na Ozell walizunguka mtaa mara mbili siku ya Jumapili, polepole, breki zikiwa bado hazijakaguliwa. Visanduku vya chini kushoto vikajaa. Kwingine kote sufuri.

Jumanne saa mbili asubuhi Verlin aliingia gerejini na kikombe chake cha maji ya moto yaliyokuwa kahawa, akawasha kioo. Safu nzima ya katikati ilikuwa imejaa namba. Hivyo ni visanduku vya barabara kuu, mwendo wa maili sitini, mguu umetulia. Alikaa kwenye kigoda akavitazama. Kisha akainuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ya moto.

Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo mkaguzi yeyote angelifanya: alishuku kifaa. Akafuta namba zote, akaanza upya. Jumatano asubuhi zilikuwa zimerudi, zile zile, katika visanduku vile vile. Mafuta yalikuwa yamepungua. Na kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria, kulikuwa na vikombe viwili vya karatasi vya kahawa. Kimoja kitupu. Cha pili kimejaa, kimepoa, cheupe kwa maziwa. Alikionja. Ulimi wake haukuwa na kazi kubwa siku hizi, ila utamu ulikuwa bado unaujua. Sukari mbili.

Hiyo ilikuwa kahawa ya Maxine. Maxine aliyekuwa akishona viti vya magari kiwanda kile kile, aliyepanda Buick hii kila alfajiri kwenda naye kazini, na ambaye alimzika miaka minne iliyopita mwezi wa pili, ardhi ikiwa imeganda hata ikabidi walete mashine. Verlin alikaa kwenye usukani mlango ukiwa wazi.

"Maxine," alisema. "Ni wewe?"

Aliogopa, lakini pia alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomtisha zaidi. Vikombe alivitupa kwenye pipa la barabarani, siyo la nyumbani, ili Rhonda asije akaviona.

Alimwuliza Ozell kama anasikia gari likitoka alfajiri.

"Mimi? Mashine za masikio nazivua saa tatu usiku na kuzivaa saa nne asubuhi. Hata ukiangusha ndege hapo uani, nitasoma gazetini."

"Kuna mtu anaiendesha."

"Nani aibe gari kisha alirudishe? Tena na mafuta ya bei hii?"

Jioni ile Verlin alitoa fyuzi ya pampu ya mafuta akaitia mfukoni mwa shati. Ufunguo aliuacha kwenye msumari wake makusudi. Kwenye usukani alitundika kadi nyekundu, ameandika kwa herufi kubwa: ISIENDESHWE. V.S. Kama ni mwizi, haina fyuzi. Kama ni Maxine, Maxine aliijua kadi ile. Aliishi nayo miaka yote, na hata angekuwa mzimu asingethubutu.

Alhamisi asubuhi injini ilikuwa ya moto. Fyuzi ilikuwa mahali pake. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu, na shati lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wa chumba chake cha kulala, pale pale alipolitundika. Kwenye usukani hapakuwa na kitu. Kadi ilikuwa kwenye ule msumari wa ufunguo, imegeuzwa, na nyuma yake imeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Imekaguliwa, sawa. V.S.

Verlin alivaa miwani. Alikuwa amewakamata watu wangapi maisha yake yote kwa kughushi herufi zake? Wanne. Walikosea V, waliifanya kali mno. Hii V haikuwa na kosa. Ilikuwa na ule mkia mdogo ambao mkono wake huacha bila kuambiwa. Aliisoma tarehe. Siku sahihi. Mwezi sahihi. Mwaka ulikuwa 1988.

Alikaa chini sakafuni, mgongo umeegemea gurudumu.

Alipoinuka alitafuta ndani ya kioo orodha ambayo hakuwa ameigusa bado. Kompyuta ile ilikuwa inaandika saa kila injini inapowashwa na kuzimwa. Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa alfajiri imewashwa. Dakika ya arobaini na moja imezimwa. Imewashwa tena saa kumi na mbili na nusu. Kila siku vivyo hivyo tangu Jumatatu. Dakika ishirini na mbili. Zamu ya kwanza ilikuwa inaanza saa kumi na mbili kamili, na Verlin kwa miaka thelathini na mmoja alipenda kufika mapema apate kahawa.

Ijumaa aliamua kulifuata gari lake mwenyewe. Alisubiri mpaka saa nne asubuhi, akiwa macho, ameshajitaja jina, mwaka na rais mbele ya kioo cha bafuni mara tatu kuhakikisha akili iko nyumbani. Aliendesha. Ubao wa visanduku aliuweka juu ya dashibodi, na kila alipopita barabara kuu nukta nyekundu iliruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, vyote vimeshajaa, kompyuta haikusahihisha kitu. Gari lilikuwa linaijua njia. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni.

Mahali pa kiwanda sasa ni uwanja wa zege na majani, maili na maili, uzio wa waya ukiwa umelala. Lango halipo. Ng'ambo ya barabara umebaki mgahawa mmoja wa soseji, wa Dafina, ambaye baba yake aliuleta ufundi wa mchuzi ule wa nyama kutoka Masedonia, na ambaye Verlin alimjua akiwa binti wa kufuta meza. Hakuwa ameingia pale tangu siku ya kufungwa kwa kiwanda. Angeapa hivyo mbele ya hakimu.

Dafina aliinua kichwa. "Leo umechelewa sana, mzee Verlin. Nilishaanza kuwa na wasiwasi."

"Leo nimechelewa," Verlin alisema. Sauti yake ilitoka vizuri, alishangaa.

"Kahawa mbili?"

"Mbili."

Dafina alimimina. Moja nyeusi, moja ya maziwa na sukari mbili. Halafu hakumpa, alizishika.

"Naomba nikuulize, usikasirike. Mkeo yuko kwenye gari kila siku, hivyo unavyosema. Mbona haingii kunisalimia? Nimechungulia dirishani, sioni mtu. Nikajisemea labda ameinama."

Verlin alitazama nje. Buick ilikuwa imesimama juani, kiti cha abiria kitupu.

"Mguu unamsumbua," alisema.

"Pole yake. Na ile karatasi, umeitunza? Maana jana umeniuliza tena njia ya kurudi nyumbani. Nikakuchorea. Hata juzi nilikuchorea." Dafina aliteremsha sauti. "Na juzi hiyo, mzee wangu, ulipita taa nyekundu pale kona. Yule msichana wa duka la mikate alirukia ukingoni na baiskeli yake. Hakuumia. Lakini hukusimama. Sidhani hata ulimwona."

Verlin alirudi garini. Alifungua droo ya dashibodi. Karatasi za oda zilikuwa nne, zimekunjwa vizuri mara nne nne kama anavyokunja yeye, na kila moja ina ramani ile ile, mtaa wake, nyumba yake, na msalaba mahali anapoishi. Alizipanga pajani. Hakukumbuka hata moja. Alirudi nyumbani polepole, akisimama kila taa hata ya kijani, watu nyuma wakimpigia honi na kumtukania mama.

Kesho yake Rhonda akaja.

Alipiga ufunguo mwenyewe. Ikawaka. Akaendesha mpaka ziwani na kurudi, baba kando yake, madirisha wazi, na njiani Verlin alimweleza kila waya: hii ya pampu, hii ya kihisio, hii niliihamisha kwa sababu ilikaa karibu na nyaya za plagi ikawa inadanganya kompyuta. Hakukosea hata moja. Kwenye gereji Rhonda alisoma kadi zilizofungiwa kwenye nyaya, herufi zilizonyooka, akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa analia.

"Umenishinda, baba. Nilidhani... basi tu. Nilikuwa nimeshakuandalia chumba. Nitamwambia Curt tukifanye stoo."

"Kifanyeni stoo," Verlin alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshinda. Nyumba ni yake, mlango wa njano ni wake, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kitu ambacho mwanamume yeyote wa Flint anakijua tangu tumboni. Karatasi nne zilikuwa mfukoni mwake. Kioo kilikuwa mkononi, na kilikuwa na kitufe cha kufuta vyote. Ungekibonyeza, gari lisingekuwa limewahi kwenda popote. Rhonda alikuwa ameshachukua mkoba wake. Alikuwa mlangoni, amemgeukia, anatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu akiwa na miaka sita, na Verlin alijiona angeweza kufa kwa ajili ya tabasamu lile, au kusema uongo wowote.

Kisha akamwona akilini yule msichana wa mikate, ambaye hajawahi kumwona.

"Rhonda. Kaa kwanza."

"Nini tena?"

"Kaa, mwanangu."

Alimwekea karatasi mezani, moja moja. Akaweka kadi, upande wa nyuma juu. Akawasha kioo akamwonyesha saa. Alieleza kwa sauti ya kiwandani, kavu, bila kuruka kitu: kilichopimwa, kilipimwa lini, na nani. Alipofika kwenye baiskeli alivua miwani, akaifuta, akaendelea. Rangi yote ilikuwa imemtoka Rhonda.

"Hukumbuki kabisa?" aliuliza mwishowe.

"Ningekumbuka ningekuwa nimekuficha vizuri zaidi."

Alitoa ufunguo kwenye msumari akamtia kiganjani na kuukunja mkono wake juu yake.

"Lala hapa leo. Huu shika wewe. Usiniambie umeuweka wapi. Na mtu akikuomba alfajiri, usimpe, hata akikuomba kwa adabu. Anajua kuomba, huyo mzee. Nimemfahamu juzi tu, lakini naona ni mtu wa kupendeza."

Alfajiri Verlin aliamka mwepesi, mwili hauna maumivu, mwanga wa kijivu dirishani. Alivaa shati la kazi. Aliingia jikoni taratibu asimwamshe Maxine, maana kila siku alimwongezea dakika tano za usingizi, akachukua kopo la chakula. Msumari ulikuwa mtupu. Alipapasa mifuko. Sebuleni, kwenye kochi, alikuta mama mmoja wa makamo ameketi na blanketi mabegani, macho mekundu, ngumi ameibana kifuani. Hakumjua, lakini sura yake ilikuwa na kitu cha ukoo wa Maxine. Huenda ni binamu kutoka kusini amefika usiku. Hakuona sababu ya kumwuliza maswali mengi mtu mgeni.

"Habari za asubuhi, dada," alisema, akavua kofia. "Samahani sana kukusumbua. Hujaona ufunguo wa gari hapa? Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili, na mke wangu ananisubiri."

Yule mama alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka, ngumi akazidi kuibana. Verlin akamhurumia. Alivuta kiti, akaketi karibu yake, kopo la chakula magotini, akamwuliza ni nani aliyemliza.